Karne ya Kuyatuhumu Maziwa

Mtoto mchanga anapotokwa na ukurutu, mashavu yakawa mekundu na kutoa majimaji, usiku ukapita kwa kujikuna na kulia, macho ya wazazi huelekea kwanza kwenye kopo la maziwa. Tuhuma hiyo si uzushi wa mitaani. Ilikuzwa na madaktari, ikapewa takwimu, na hadi leo wapo watoto ambao kwao ni kweli. Hata hivyo, historia yake ina funzo ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla hajabadilisha maziwa: kadiri utafiti ulivyozidi kuwa makini, ndivyo ilivyodhihirika kwamba maziwa ya ng'ombe huchochea ukurutu kwa baadhi ya watoto tu, ilhali mzizi wa ugonjwa mara nyingi umo katika ngozi yenyewe.

Mwaka 1929, huko Boston, Lewis Webb Hill na Harold Stuart walieleza chakula cha soya walichowaandalia watoto wasiopatana na maziwa. Miaka 7 baadaye, Clifford Grulee na Heyworth Sanford wa Chicago walitoa hesabu iliyonukuliwa kwa miongo mingi: kati ya watoto 20,061 waliofuatiliwa katika miezi 9 ya mwanzo wa maisha, ukurutu ulikuwa takriban mara 7 zaidi kwa walionyweshwa maziwa ya ng'ombe kuliko kwa walionyonya tu. Mwaka 1942 ikaingia sokoni Nutramigen, maziwa ya kopo ambayo protini yake ya maziwa imevunjwavunjwa ili mwili usiitambue kirahisi. Tuhuma ikawa na takwimu, ikawa na bidhaa ya kununua pia. Lakini watoto wa Chicago hawakugawanywa kwa kura. Walionyonya na waliopewa chupa waliweza kutofautiana kwa kipato, kwa afya, hata kwa sababu zilizomfanya mama aache kunyonyesha. Kura ilikuja kupigwa Belarus katika miaka ya 1990, ambako hospitali ziligawanywa, baadhi zikafundishwa kuwahimiza na kuwasaidia mama wanaonyonyesha. Matokeo ya watoto zaidi ya 17,000, yaliyotolewa 2001, yalionyesha ukurutu wa mwaka wa kwanza ukiwa asilimia 3.3 katika hospitali hizo na asilimia 6.3 katika nyingine. Hiyo ni faida kubwa ya kunyonyesha, lakini iko mbali na ile mara 7, na watoto walipofikia miaka 6 na nusu haikuonekana tena.

Atatokea wa kupinga: mbona David Atherton na wenzake, London, 1978, waliwanyima watoto wenye ukurutu mayai na maziwa, bila familia wala mpimaji kujua ni wakati gani, na kati ya 20 waliofika mwisho 14 walipata nafuu zaidi? Ushahidi huo ni mzito, nao unathibitisha kwamba chakula kinaweza kuchochea ugonjwa. Ila walioanza walikuwa 36, na majaribio yaliyofuata hayakuonyesha kwamba kumnyima maziwa kila mwenye ukurutu, bila kuchagua, kunasaidia. Kisha mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha kwamba kasoro katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la nje la ngozi, huongeza sana hatari ya ukurutu. Ngozi dhaifu hupoteza maji na kuruhusu chembe za chakula kupenya, na hapo mwili unaweza kujifunza kuzipiga vita. Ndiyo maana mara nyingi ukurutu hutangulia, mzio ukafuata.

Mwingine atasema kujaribu hakuna hasara. Hasara ipo. Daktari Cicely Williams alipoeleza kwashakoo, ugonjwa wa utapiamlo, mwaka 1933 huko Gold Coast, Ghana ya leo, aliwaona watoto wa uji wa mahindi wakiwa wamevimba miguu, ngozi ikiwa nyeusi na kubanduka. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani wakaripoti watoto 12 wenye ugonjwa huohuo; baadhi yao walikuwa wameondolewa maziwa kwa kudhaniwa yanawadhuru, wakapewa kinywaji cha mchele. Maziwa ya mbuzi nayo si kimbilio: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhuriwa na ya mbuzi pia.

Basi maziwa yashukiwe panapo dalili: mtoto anayevimba au kutapika muda mfupi baada ya kunywa, mwenye damu kwenye choo, au ambaye ukurutu wake ni mkali na haukubali mafuta wala dawa iliyotumika ipasavyo. Huyo apelekwe kwa daktari, maziwa yaondolewe kwa wiki 2 hadi 4 chini ya uangalizi, kisha yarudishwe ili kuthibitisha. Wengine wote wapakwe mafuta kila siku, watibiwe ngozi, na waachiwe maziwa yao. Na mama anayenyonyesha asimwachishe mtoto ziwa kwa sababu ya ukurutu.