Kisukari na Kuvimba Miguu: Kijiko, Mshumaa na Figo

Mgonjwa wa kisukari akianza kuvimba miguu, kila mtu nyumbani huwa na sababu yake. Huyu husema ni uzee, yule husema mama amekaa sana kitini, mwingine hutaka akandwe kwa maji moto. Madaktari nao walichukua zaidi ya miaka 100 kuelewa jambo hili.

Zamani, mwili kujaa maji kulihesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe. Mwaka wa 1827 Richard Bright, daktari wa hospitali ya Guy's huko London, alichapisha kitabu kilichobadilisha mawazo hayo. Alitia mkojo wa wagonjwa waliovimba kwenye kijiko, akaushika juu ya mshumaa. Mkojo wa baadhi yao uliganda ukawa mweupe, kama ute wa yai kwenye sufuria. Walipofariki, miili yao ilipasuliwa na figo zikaonekana zimeharibika. Kumbe mwili ulivimba, lakini ugonjwa ulikuwa kwenye figo.

Kilichoganda ni protini ya damu. Figo ni kama chujio: hutoa uchafu na maji yaliyozidi, lakini protini huibakisha. Protini hiyo husaidia kushika maji ndani ya mishipa. Chujio likiharibika, protini huvuja, chumvi na maji hubaki mwilini, na maji hayo huingia kwenye nyama. Ndipo uso huvimba asubuhi na miguu huvimba jioni.

Je, kisukari kinaingia wapi? Mwaka wa 1921 Frederick Banting na Charles Best walipata insulini huko Toronto, Kanada. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa dawa hiyo. Wagonjwa waliokuwa wakifa mapema wakaanza kuishi miaka mingi, na sasa madhara yanayokuja polepole yakajitokeza. Mwaka wa 1936, huko Boston, Marekani, Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza makovu ya namna ya pekee ndani ya figo. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na kisukari cha muda mrefu, presha, protini kwenye mkojo na mwili uliovimba. Sukari nyingi ilikuwa imeharibu chujio kwa miaka mingi, bila maumivu.

Mwaka wa 1982 Giancarlo Viberti na wenzake wa London walionyesha kwamba protini kidogo sana kwenye mkojo hutangulia ugonjwa wa figo kwa miaka. Na mwaka wa 1993 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba dawa ya presha iitwayo kaptoprili ilipunguza kwa karibu nusu hatari ya wagonjwa wa kisukari wenye figo zinazovuja kufa, kuhitaji mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo nyingine.

Akina mama, historia hii inatufunza kwamba mkojo husema mapema na miguu husema kwa kuchelewa. Basi usingoje miguu ivimbe. Mwenye kisukari apimwe mkojo na damu kwa ajili ya figo angalau mara moja kwa mwaka, na presha kila anapokwenda kliniki. Apunguze chumvi. Ukiwa mjamzito au unatarajia kushika mimba, mwambie daktari, kwa sababu dawa za aina ya kaptoprili humdhuru mtoto tumboni.

Ikiwa miguu tayari imevimba, usimpe dawa ya kutoa maji uliyoazima kwa jirani. Moyo, ini na hata baadhi ya vidonge vya kisukari, kama pioglitazoni, pia huleta uvimbe. Daktari ndiye atakayetafuta chanzo. Usimkande kwa maji moto; miguu yake huenda haihisi joto, ikaungua.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ikiwa anahema kwa shida, ikiwa mguu mmoja tu umevimba, una joto au kidonda, au ikiwa ni mjamzito aliyevimba uso, anaumwa kichwa na haoni vizuri.

Kijiko na mshumaa vya Bright havihitajiki tena. Siku hizi ni chupa ndogo ya mkojo tu. Mama, ipeleke mapema.