Injinia Aliyepanga Bei ya Mkate

Ndugu zangu tuliosoma shule hii, nanyi vijana mliomo madarasani sasa, kila nikisikia watu wakibishana kama mtaalamu anafaa kuongoza umma, humkumbuka Roswell B. Mason wa Chicago, Marekani.

Mason alizaliwa mwaka 1805 katika jimbo la New York, na uhandisi alijifunzia kazini, kwenye Mfereji wa Erie, angali kijana. Mwaka 1851 akawa injinia mkuu wa Reli ya Illinois Central. Kufikia mwaka 1856 maili 705 zilikuwa zimekamilika. Mwaka 1869 wananchi wa Chicago walimchagua kuwa Meya.

Usiku wa tarehe 8 Oktoba, 1871, moto ulizuka. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, mvua zilikuwa zimeadimika, na upepo ulivuma kwa nguvu. Mtambo wa maji nao uliungua, pampu zikasimama. Watu wapatao 300 walikufa, na 100,000 hivi wakakosa makazi.

Mason alipeleka simu za maandishi kuomba msaada miji mingine. Kisha akatangaza kwamba mkate wa aunsi 12 uuzwe senti 8, na mwenye gari la kukodi atakayepandisha nauli anyang'anywe leseni. Naam, aliwabana walanguzi kabla majivu hayajapoa!

Tarehe 11 alimkabidhi Jenerali Philip Sheridan ulinzi wa mji. Gavana wa jimbo, John Palmer, alikasirika, maana hakushauriwa. Siku chache baadaye mlinzi wa kujitolea, kijana mwanafunzi, alimpiga risasi mwendesha mashtaka Thomas Grosvenor, akafa. Mwezi huohuo jeshi likaondolewa.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na nimezilinganisha mara nyingi amri hizo mbili. Ile ya mkate ilitaja uzito, bei na adhabu. Hata mama aliyepanga foleni aliweza kuipima. Ile ya bunduki iliwapa vijana silaha bila kipimo kinachoeleweka, na gharama yake ikawa roho ya mtu.

Mason aliacha umeya Desemba, 1871, akafariki mwaka 1892. Vijana, mtakapokalia viti vya ofisi, kabla hamjatia sahihi amri yoyote, jiulizeni kwanza: raia wa kawaida ataipimaje?