Bandari Hujengwa Mlimani

Kwenye ufukwe wa Kappad, kaskazini kidogo ya mji wa Kozhikode katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, kuna nguzo fupi ya mawe inayomtangazia mgeni kwamba Vasco da Gama alitua hapo mwaka 1498. Watalii hupiga picha, hununua karanga, wakaondoka wakiamini wameona mahali historia ya mji ilipoanzia. Bukoba nayo ina kisa cha namna hiyo, ingawa haina nguzo maarufu kama ile: mwaka 1890 Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, alifika ukingoni mwa Ziwa Victoria, akajenga kituo, na tangu hapo tunafundishwa kwamba mji umezaliwa. Visa hivi viwili vina kasoro moja. Vyote humtazama anayekuja kwa maji, humsahau anayeshuka kutoka mlimani na mzigo kichwani. Nadai kwamba Kozhikode ilijengwa na bustani za pilipili manga zilizo nyuma yake, na Bukoba ilijengwa na vibanja vya kahawa vya Kamachumu, Ihangiro, Kianja na Kiziba. Meli zilifuata mzigo, na maboma yakafuata meli.

Tuanze na Kozhikode, ambayo vitabu vya zamani huiita Calicut. Kwa macho ya nahodha, pale si mahali pa kuweka bandari. Ufuko uko wazi, hauna ghuba ya kukinga upepo, na vyombo vikubwa vilitia nanga mbali huku mashua ndogo zikipakia na kupakua. Pamoja na hayo, Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipopita Kozhikode miaka kadhaa baadaye alikuta merikebu 13 za Wachina zikisubiri upepo wa kuondokea, na wafanyabiashara wa kutoka Yemen, Uajemi, Ceylon na Maldives. Da Gama mwenyewe asingefika kirahisi bila pwani yetu: aliondoka Malindi mwezi Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa huko, na baada ya wiki nne hivi alikuwa Malabar. Rubani yule hakuwa anagundua kitu. Alikuwa akipita njia ya watu wote, na zawadi za Wareno, kofia na mabeseni ya kunawia zikiwemo, ziliwachekesha maofisa wa mfalme wa Kozhikode, yule aliyeitwa Samoothiri. Sasa, ni nini kiliwavuta watu wote hao kwenye ufuko usio na kinga? Ni pilipili manga, na pilipili manga haioti mchangani. Ni mtambaazi unaopanda juu ya miti ya kivuli katika bustani ndogo za vilimani, ambao matunda yake huchumwa kwa mkono, huanikwa juani hadi ganda likunjamane na kuwa jeusi, kisha hushushwa kwa mito na mabega ya watu hadi pwani.

Msomaji makini atasema: mbona basi Kochi iliipiku Kozhikode? Kochi ina bandari ya asili, mlango wa maji uliopanuliwa na mafuriko makubwa ya mwaka 1341, na Wareno waliihamia. Ikiwa mlima ndio unaojenga mji, bandari nzuri ingeleta tofauti gani? Hoja hii ina uzito, lakini tazama Kochi ilikuwa ikisafirisha nini. Ilikuwa pilipili ileile, ya safu ileile ya milima, iliyoshushwa kwa mito mingine. Bandari nzuri iliamua mzigo upakiwe wapi, haikuuzalisha. Tena Kozhikode haikufa. Mwaka 1510 Wareno waliushambulia mji na kuuchoma moto msikiti wa Mishkal, jengo la mbao lenye ghorofa na mapaa ya vigae lililojengwa kwa mali ya mfanyabiashara wa Kiyemeni. Msikiti ulikarabatiwa, upo hadi leo mtaa wa Kuttichira, na biashara ikaendelea. Mji uliotegemea gati peke yake usingeinuka hivyo.

Bukoba ni shahidi bora zaidi wa hoja hii, kwa sababu hapa tunaweza kuona mwanzo wenyewe. Kabla ya Emin, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, huko Karagwe, si ziwani. Musa Mzuri, Mhindi wa Surat aliyekaa Unyanyembe, alifanya biashara na Karagwe kabla mpelelezi Mwingereza Speke hajafika kwa mukama, yaani mfalme, Rumanyika mwaka 1861. Kafuro ilikuwa na bidhaa, njia na ulinzi wa mfalme, lakini pembe za ndovu na njia zilipohama, nayo ikafifia. Bukoba, iliyoanza ikiwa boma tu kwenye ufuko wenye upepo mbele ya kisiwa cha Musira, ikabaki. Tofauti iko kwenye kilichokuwa nyuma ya kila moja. Nyuma ya Bukoba kulikuwa na vibanja: migomba ya kudumu, samadi ya ng'ombe, nyasi za kutandaza, na katikati yake miti ya kahawa ambayo hakuna Mzungu aliyeileta. Wahaya waliichuma mbichi, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaianika, wakaitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa kabla ya maneno. Waliochanjiana kuwa ndugu waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akimeza ile iliyopakwa damu ya mwenzake. Kwa heshima hiyo wafalme hawakuuacha mti huu mikononi mwa kila mtu. Kupanda kahawa kulihitaji idhini ya mukama.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapoingia. Kahawa ya kutafuna, watasema, haijengi bandari. Kilichojenga Bukoba ni Wajerumani waliodai kodi ya rupia na kuwahimiza wafalme waamuru kahawa ipandwe, reli ya Waingereza iliyofika ziwani Kisumu mwaka 1901, na wafanyabiashara wa Kihindi walioleta fedha taslimu. Sikatai hata kimoja. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mji wa Kijerumani ulipitishia mizigo yake kwenye meli na reli za Waingereza hadi Mombasa, kwa kuwa reli ya kati haikufika Mwanza hadi mwaka 1928. Ni kweli pia kwamba bila watu wa mfano wa Alidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo na kutandaza maduka hadi mwambao wa ziwa, mkulima angekaa na magunia yake. Lakini kodi ilidaiwa kila mahali katika koloni lile, na maduka yalifunguliwa kila mahali. Maboma mangapi ya enzi hizo leo ni magofu? Kodi ilimlazimisha mtu atafute rupia; haikumfundisha kuotesha mti aliokuwa akiutunza tangu enzi za babu yake. Ndiyo maana katika Buhaya kahawa haikuhitaji walowezi wenye mashamba makubwa. Iliongezwa kibanjani, mti kwa mti, chini ya migomba.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilitoa jaribio jingine. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa na kuishambulia Bukoba. Miongoni mwao walikuwemo mwindaji Frederick Selous na askari wa Kihindi wa Kikosi cha 29 cha Punjab. Wakaangusha mlingoti wa redio wa Wajerumani, wakabomoa ngome, mji ukaporwa, kisha wakapanda meli na kuondoka. Kama mji ungekuwa boma na gati, habari yake ingeishia hapo. Katika miaka ya 1920 ulikuwa katikati ya neema ya kahawa.

Na wale wa mlimani hawakuwa wapagazi bubu. Mwaka 1924 ilianzishwa Bukoba Bahaya Union, na mmoja wa waasisi wake, Klemens Kiiza, alikuwa mfanyabiashara wa kahawa. Mwaka 1937 serikali ilipotunga kanuni za kuwaamuru wakulima namna ya kutunza mibuni yao, ziliibuka ghasia. Mwaka 1950 kikaundwa chama kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union (BNCU), mzazi wa KCU, ushirika wa Kagera wa leo, ili magunia yasiishie kwa mnunuzi binafsi. Kamachumu, wilayani Muleba, iliendelea kuwa moto: ni huko katika miaka ya 1950 polisi walipoutawanya mkutano wa mwanasiasa Ali Migeyo, naye akafungwa. Siasa za Bukoba mjini zilitokea kwenye vibanja kama kahawa yenyewe. Sisemi mkulima alishinda. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 kabla ya kurudishwa baadaye, na butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua kwa bei ya kutupa, haijaisha hata baada ya makatazo mengi. Wakulima wa pilipili wa Malabar waliijua mikopo ya aina hiyo karne nyingi kabla. Anayeujenga mji si lazima awe anayeufaidi.

Kuna jambo moja linaloifunga miji hii miwili kuliko yote, nalo halimo kwenye nguzo ya Kappad. Ugonjwa wa kutu ya majani ulipoangamiza mashamba ya kahawa ya Ceylon kuanzia mwaka 1869, na kuathiri yale ya India, wakulima wa Asia walitafuta mti mgumu zaidi. Waliupata Afrika: robusta, mti wa asili wa misitu ya kuanzia Kongo hadi kandokando ya ziwa letu, ukapelekwa Java mwanzoni mwa karne ya 20, kisha India. Leo milima ya Wayanad iliyo nyuma ya Kozhikode imejaa robusta, mara nyingi ikiwa imechanganywa na pilipili manga na migomba katika shamba moja, na India huvuna robusta nyingi kuliko arabika. Bei ya robusta katika soko la London ilipopita dola 5,000 kwa tani mwaka 2024, mkulima wa Wayanad na wa Muleba walikuwa wakisubiri habari ileile. Basi Mtanzania anayefika Kozhikode akiwa na siku moja ya ziada asiimalizie Kappad. Apande basi la Thamarassery, lipige kona zake tisa kali za mlimani, ashuke Wayanad na kuuliza mkulima analipwa kiasi gani kwa kilo, analipwa na nani, na kwa mkopo wa nani.