Kwa Hawa Samaki, Friji Yako ni Jua Kali: Kila Kitu Unafaa Kujua Kuhusu Maisha Chini ya Bahari za Barafu

Fungua friji yako saa hii. Ama ya jirani, kama yako imezima juu tokeni zimeisha. Huko ndani ni kama digrii 4 hivi, na ukiacha mkono kwa maji ya hiyo baridi dakika chache utaanza kulia.

Sasa kuna samaki wa Antaktika ambao kwao hiyo friji ni jua la Lodwar. Ongeza digrii 2 tu, maji yafike 6, na wanadedi. Hawauawi na baridi. Wanauawa na joto.

Hii si stori ya jaba. George Somero na Arthur DeVries, wanasayansi wa Marekani, waliipima na kuichapisha 1967. Mimi niliacha chuo kitambo na biolojia tuliachana Form 4, so nimeisoma hii maneno polepole ndio nikuletee bila kukuzungusha. Twende.

Baridi yenyewe ni ya aina gani?

Tuanze na ramani ndio tusipotezane. Aktiki ni kule kaskazini: bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Antaktika ni kusini: bara zima limefunikwa na barafu, na bahari imelizunguka. Pengwini wako kusini, dubu weupe wako kaskazini. Zile picha unaona wakiwa pamoja ni katuni tu.

Maji ya mfereji huganda kwa digrii 0. Ya bahari yana chumvi, so yanaweza kushuka hadi karibu -1.9 na bado yakawa maji. Ongeza giza juu ya hapo. Ukipita mita 200 kwenda chini mwanga umebaki kidogo sana, na ukifika 1,000 hakuna kitu. Chakula kingi cha wanaoishi chini huwa ni mabaki yanayoanguka polepole kutoka juu.

Lakini baridi inakuja na zawadi moja: maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Kulanti ya damu

Kwa nchi za baridi, kulanti ya gari haipozi injini tu. Inazuia pia maji ya redieta yasigande. Samaki wa Antaktika wako na yao, na mwili ndio huitengeneza.

Shida ilikuwa hivi. Damu ya samaki wa kawaida ina chumvi kidogo kuliko bahari, so inafaa kuganda kabla hata ya kufika -1. Na yeye anaogelea kwa maji ya -1.9. Kwa hesabu, huyo alifaa kuwa aiskrimu.

DeVries alienda kituo cha McMurdo, Antaktika, mwanzo wa miaka ya 1960, na hilo swali likamkataza usingizi. 1969 yeye na Donald Wohlschlag walitoa jibu: kwa damu ya hawa samaki kunazunguka protini iliyoshikana na sukari.

Venye inafanya kazi ni hivi. Vichembe vya barafu huingia kwa mwili samaki akinywa maji ama akila. Hizo protini zinavishika kila upande na kuvizuia visikue. Fikiria mabaunsa wamemzunguka mlevi kwa mlango wa klabu. Hawajamtoa, lakini haendi popote.

Na kuna kitu imenibamba zaidi. Utafiti wa 1997 ulionyesha hii protini ilitokana na jeni ya zamani iliyokuwa na kazi nyingine kabisa, ya kusaga chakula tumboni. Halafu kule kaskazini, samaki wa jamii ya cod wa Aktiki ana protini karibu sawa na hiyo, na wala hawana ukoo wa karibu. Ni kama watoi wawili wa shule tofauti wameandika jibu moja kwa mtihani na hakuna aliyemchungulia mwenzake.

Damu isiyo na rangi

Zamani wavuvi wa nyangumi wa Norwe walikuwa wakirudi nyumbani na stori ya samaki asiye na damu. Watu waliona ni uongo wa mabaharia. 1927 Ditlef Rustad akamshika mmoja karibu na kisiwa cha Bouvet, na 1954 Johan Ruud akathibitisha kisayansi: damu iko, lakini haina rangi. Ni kama maji.

Damu yako ni nyekundu juu ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Samaki wa barafu, na kuna spishi kama 16 hivi, hawana. Ndio wanyama wa pekee wenye uti wa mgongo wanaoishi maisha yao ya utu uzima bila himoglobini.

Wanaishije? Unakumbuka ile zawadi ya baridi? Oksijeni imejaa kwa maji, so inayeyuka tu ndani ya damu na kusafiri nayo. Kufidia, wamekuwa na moyo mkubwa, mishipa mipana na damu nyingi kuliko samaki wengine wa saizi yao.

Ni kama msee anayeishi Mombasa ameuza majaketi yake yote. Iko sawa kabisa, mpaka siku atahamishiwa Limuru. Kwa huyu samaki ni kinyume: siku maji yatapata joto, oksijeni itapungua, na himoglobini alishaachana nayo mamilioni ya miaka iliyopita.

Mtaa wa viota milioni 60

Februari 2021, meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilikuwa Bahari ya Weddell kule Antaktika. Ilikuwa inavuta kamera kubwa karibu na sakafu ya bahari, chini kama mita 420 hadi 535. Walioenda huko walikuwa wanachunguza maji. Samaki hawakuwa kwa mpango.

Kamera ikaonyesha kiota. Halafu kingine. Halafu masaa yakapita na bado ni viota tu, kimoja baada ya kingine kama plot za mtaa mpya.

Kila kiota ni shimo la mviringo, upana kama sentimita 75, na vijiwe vidogo chini. Ndani yake kwa wastani kuna mayai 1,735. Na juu ya vingi kuna samaki mzima mmoja amekaa analinda. Ni samaki wa barafu anayeitwa kisayansi Neopagetopsis ionah, wale wale wa damu isiyo na rangi.

Autun Purser na wenzake wa Taasisi ya Alfred Wegener walipiga hesabu na kuichapisha Januari 2022: eneo la angalau kilomita za mraba 240, viota kama milioni 60. Hiyo ni mara mbili ya mbuga ya wanyama ya Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, so viota ni vingi kutuliko. Hakuna mahali pengine duniani watu wamewahi kuona samaki wamejenga mtaa mkubwa hivyo.

Mbona hapo? Maji ya hapo chini yana joto kidogo kuliko jirani yake, hadi digrii 2 zaidi. Yaani walichagua mahali penye uafadhali. Na sili wa Weddell pia wanajua: vifaa walivyofungwa vilionyesha wanazamia sana hapo hapo. Kwao hiyo ni kibanda cha samaki kisichofungwa.

Chini ya paa la barafu

Pembeni mwa Antaktika kuna barafu nene zinazoelea zikiwa bado zimeshikana na bara. Zichukulie kama paa juu ya bahari. Kwa miaka mingi wengi walidhani ukiingia mbali chini yake, maisha yanapungua hadi kuisha.

Wataalamu wa mawe walitoboa moja ya hizo paa, Filchner-Ronne, barafu ya karibu mita 900, wakitaka matope ya chini ndio wasome historia ya bahari. Kifaa kikagonga jiwe. Bahati mbaya kwao, lakini kamera ikaonyesha jiwe lina wapangaji: sponji za baharini na viumbe wengine wamejishikilia hapo. Hii ni kilomita 260 kutoka bahari wazi, kwa giza, na baridi ya -2.2. Stori ilitoka 2021, kupitia Huw Griffiths na wenzake wa Uingereza.

Januari 2025 ikawa kubwa zaidi. Kipande cha barafu kinachoitwa A-84, karibu kilomita za mraba 510, kilimeguka kutoka paa la George VI. Meli ya utafiti ya Schmidt Ocean Institute, Falkor (too), ilikuwa pande hiyo. Wakabadilisha mpango, wakafika ndani ya siku chache na kushusha roboti mahali ambapo mtu hakuwahi kufika. Walikuta matumbawe, sponji kubwa, samaki wa barafu, pweza na buibui wa baharini wakubwa. Saizi ya baadhi ya sponji inaonyesha wamekuwa hapo miongo mingi, pengine karne.

Machi mwaka huo huo, meli hiyo hiyo ikiwa karibu na visiwa vya South Sandwich, ilirekodi ngisi mkubwa kuliko wote duniani akiwa hai nyumbani kwake, mita 600 chini. Alikuwa mtoi tu, sentimita 30. Watu wazima wao wanaweza kufika mita 7. Hiyo aina ilipewa jina 1925. Imechukua miaka 100 kumwona akiogelea.

Na kaskazini je?

Huko kuna papa wa Greenland. 2016 Julius Nielsen na wenzake walipima lenzi za macho za papa 28 na kupata mkubwa wao alikuwa na miaka kama 392. Hesabu haiko kamili, lakini hata ukichukua ya chini kabisa, 272, huyo alizaliwa zaidi ya miaka 150 kabla reli ifike Nairobi 1899. Na inakadiriwa jike hafikii umri wa kuzaa mpaka agonge miaka kama 150.

Baridi inapunguza kasi ya mwili. Kukua ni polepole, kuzaa ni polepole. Maana yake ni hii: wavu wa kukwaruza sakafu ukipita siku moja, kilichoharibika hakirudi maishani mwako, wala ya watoto wako.

Ngori iko wapi?

Iko kwa joto na iko kwa karatasi.

Joto kwanza. Mwili wako ukipata joto la ghafla, seli zako hutengeneza protini za dharura za kurekebisha uharibifu. Karibu kila kiumbe ako nazo. Lakini 2000 Gretchen Hofmann na wenzake waliripoti kwamba samaki mmoja wa Antaktika, Trematomus bernacchii, hazitengenezi zaidi akipashwa joto. Ameishi kwa baridi isiyobadilika muda mrefu hadi hiyo alamu haifanyi kazi tena. Na hawezi kuhamia mahali baridi zaidi, juu yuko mwisho wa dunia tayari.

Karatasi sasa. Uvuvi wa bahari ya Antaktika unasimamiwa na tume ya kimataifa ambayo ofisi yake iko Hobart, Australia. Sheria yao ni moja: wanachama wote wakubaliane, ama hakuna kitu. 2016 walikubaliana kulinda Bahari ya Ross, kilomita za mraba milioni 1.55, na ulinzi ukaanza Desemba 2017. Mwaka huo huo wa 2016, pendekezo la kulinda Bahari ya Weddell nalo likaletwa mezani. Limekwama tangu hapo juu China na Urusi hazijakubali.

So ule mtaa wa viota milioni 60, tuliougundua juzi tu, uko ndani ya eneo ambalo halijapata huo ulinzi. Meli za uvuvi ziko tayari kwa hizo bahari, zikitafuta krili wa kutengenezea chakula cha samaki na dawa za omega-3.

Sasa wewe wa Nairobi inakuhusu nini?

Maji baridi mazito yanayozama kando ya Antaktika, mengi yake kutoka hiyo Weddell, hutambaa kwa sakafu ya dunia hadi Bahari Hindi, yakibeba oksijeni. Juu pale Nyali unaogelea kwa maji ya digrii 27 hivi. Nenda mbali na ufuo, ushuke kilomita kadhaa chini, na ni karibu digrii 1 au 2. Hiyo baridi ilitoka kwa hao samaki.

Tume ya Hobart hukutana kila Oktoba. Ukiona jina la Weddell kwa habari mwezi huo, sasa unajua ni mtaa wa nani unazungumziwa. Na kama bando iko, Schmidt Ocean Institute hurusha safari za roboti yao laivu kwa YouTube. Zima taa, weka simu pembeni ya mto, uone vitu ambazo hata nahodha wa hiyo meli anaziona mara ya kwanza na wewe.