Pikapu ya Land Rover: kutoka gari la shamba hadi mali ya mnadani

Mwaka 1948 Land Rover mpya iliuzwa pauni 450. Mwaka 2016 kampuni iliyoiunda ilitangaza mpango wa kukarabati magari 25 ya toleo hilohilo la kwanza, yarudi kama yalivyotoka kiwandani, kwa bei ya kuanzia pauni 60,000 kila moja. Ni magari machache yaliyowahi kubuniwa kwa ajili ya kubeba nyasi na samadi yakaishia kuthaminiwa hivyo. Wenye pikapu kuukuu za aina hii Kenya na Tanzania wana sababu ya kuijua historia yake kabla hawajamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mtoto wa uhaba

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na madeni, na chuma kiligawiwa kwa kipimo. Kiwanda kilichouza bidhaa nje ya nchi ndicho kilichotangulizwa katika mgao. Kampuni ya Rover ya Solihull, iliyozoea kuunda magari ya starehe, ikajikuta na kiwanda kikubwa na kazi haba.

Maurice Wilks, mhandisi wake mkuu, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na humo alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani. Yeye na kaka yake Spencer, aliyeiongoza kampuni, waliamua kuunda gari la namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Mabati yake yalikuwa bapa, yanayokunjwa bila mashine za gharama, na karibu kila kipande kilifungwa kwa boliti. Gari lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948.

Lilikusudiwa kuivusha kampuni miaka michache ya shida, lakini maagizo yakamiminika kutoka kila upande. Wateja walipotaka nafasi zaidi ya mzigo, ilitoka pikapu ya inchi 107, na mwaka 1956 ile ya inchi 109, kipimo cha kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kipimo hicho ndicho kilichokuwa jina. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, na la tatu mwaka 1971.

Dereva aliyeizoea hasahau fimbo mbili fupi kando ya gia. Ukikibonyeza kifundo cha njano, magurudumu yote manne yanavuta. Ukiivuta nyuma fimbo nyekundu, gari linaingia gia za nguvu na kupanda taratibu palipowashinda wengine.

Afrika Mashariki

Huku kwetu gari hili lilifika enzi za ukoloni. Polisi, wamisionari, mabwana wanyama na wakuu wa wilaya walilitumia kufika mahali ambapo barabara zilikuwa za jina tu. George Adamson, bwana wanyama wa kaskazini mwa Kenya, na mkewe Joy walimlea simba Elsa, na picha za Elsa akiwa juu ya Land Rover zilizunguka dunia nzima. Kitabu cha Joy, *Born Free*, kilitoka mwaka 1960, na filamu yake mwaka 1966.

Baada ya uhuru, serikali mpya ziliendelea kulitumia. Mwaka 1974 ilianzishwa Leyland Kenya, na katika kiwanda chake cha Thika Land Rover ziliunganishwa kutokana na vipande vilivyoletwa kutoka Uingereza. Fundi aliyejifunzia gari moja alilijua na jingine, na kifaa cha mwaka huu mara nyingi kiliingia gari la miaka kumi nyuma. Mjini Maralal, Samburu, magari haya yamekuwa usafiri wa abiria na mizigo kwa miongo mingi.

Ila sifa haikutosha. Kampuni mama ya Rover wakati huo, British Leyland, iliyumba hadi serikali ya Uingereza ikaichukua mwaka 1975. Wakati huohuo Toyota ilikuwa sokoni na Land Cruiser, na idara na mashirika mengi yakahamia huko. Maelfu ya 109 yaliachwa nyuma ya bohari na gereji, yakitolewa kifaa kimoja kimoja.

Bei yageuka

Toleo la tatu lilikoma mwaka 1985, na mrithi wake, Defender, akakoma Solihull tarehe 29 Januari 2016. Wiki chache kabla, Desemba 2015, Defender iliyohesabiwa kuwa ya milioni mbili katika ukoo huo iliuzwa mnadani London kwa pauni 400,000 kwa mnunuzi kutoka Qatar. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda Born Free Foundation, shirika lililoanzishwa na Virginia McKenna na Bill Travers, waigizaji walioigiza kama akina Adamson katika ile filamu ya Elsa.

Huku kwetu kinachoweza kupandisha thamani ni uhaba: Kenya, kwa kawaida, hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Maana yake 109 zilizobaki nchini ndizo hizohizo, nyingine haziji. Arusha nako, mamia ya Land Rover yalikusanyika katika tamasha la Oktoba 2024, ishara kwamba wapenzi wake wangalipo.

Kinachouzwa

Anayekarabati ili auze hujaribiwa kuanza na rangi. Mnunuzi anayejua kazi huinama kwanza. Bodi ya alumini haishiki kutu kama chuma, lakini chesesi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva ni chuma pia. Kutu huanzia ndani, rangi iking'aa nje.

Kisha huitafuta namba ya chesesi, ailinganishe na kadi ya gari. Kwa kuwa vipande huhama kirahisi, ni rahisi kuunda pikapu moja kutoka magari matatu. Hadi mwaka 2025 Uingereza iliamua kwa pointi kama gari lililojengwa upya lingebaki na usajili wake wa zamani: chesesi ilikuwa na pointi 5, springi, ekseli, giaboksi na usukani 2 kila kimoja, na injini 1 tu. Zilihitajika 8, na za chesesi ilikuwa lazima ziwemo.

Hesabu hiyo inafaa hata huku, ambako 109 nyingi zimefungwa injini za dizeli za Kijapani. Mkulima huiona injini hiyo kuwa faida, ilhali mkusanyaji wa magari ya kale huipunguzia bei. Muuzaji mwaminifu huisema mapema, na kama injini ya awali ipo, huiuza pamoja na gari.

Kwa hiyo, mwenye 109 uani, usiiuze kwa kilo kabla hujasugua chesesi na kuisoma namba yake. Tafuta kadi, piga picha kila hatua ya matengenezo, weka risiti za spea. Rangi hupakwa na yeyote. Karatasi na chesesi vinavyopatana ndivyo vitakavyokupa bei.