Mzishi na Raia: Maisha ya Arthur George Gaston wa Alabama

Kiswahili kina kitenzi cha kustaajabisha: kuzikana. Sarufi hutufundisha kwamba kiambishi -an- huonyesha tendo ambalo watu hutendeana, kama vile kupendana, kusaidiana na kusalimiana. Lakini aliyezikwa leo hataamka kesho amzike aliyemzika. Watu watazikanaje basi? Jibu ni kwamba deni hilo hulipwa na jamii nzima. Ndiyo maana Afrika Mashariki ina vyama vya kufa na kuzikana: mwanachama hutoa kidogo kidogo akiwa hai, ili siku yake ikifika asikose sanda, jeneza wala watu wa kumsindikiza.

Vyama vya namna hii havikuwa vyetu peke yetu. Kusini mwa Marekani, Wamarekani Weusi waliotoka utumwani mwaka 1865 waliviunda kwa wingi, kwa kuwa mashirika ya bima ya wazungu ama yaliwakataa ama yaliwatoza zaidi. Insha hii inamhusu Arthur George Gaston, aliyeanza na chama cha aina hiyo katika mji mdogo wa viwanda wa Fairfield, Alabama, na ambaye miaka arobaini baadaye alijikuta katikati ya mapambano makubwa ya haki za raia.

Kutoka Demopolis hadi Fairfield

Gaston alizaliwa tarehe 4 Julai 1892 katika mji wa Demopolis. Babu na bibi yake, waliomlea, walikuwa wamezaliwa watumwa. Mama yake, Rosa, alikuwa mpishi katika nyumba ya familia tajiri huko Birmingham, na baadaye akamchukua mwanawe akasome katika shule ya Tuggle mjini humo. Elimu ya darasani ya Gaston iliishia darasa la kumi. Alitumikia jeshi nchini Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha akarudi nyumbani, ambako cheo cha askari hakikumpa haki ya kupiga kura wala kazi ya heshima. Akaajiriwa kuwa kibarua katika kampuni ya makaa ya mawe na chuma karibu na Fairfield.

Ujira ulikuwa mdogo. Gaston aliwauzia vibarua wenzake chakula kilichopikwa na mama yake, na aliwakopesha fedha kwa riba. Hapo ndipo alipogundua jambo. Kila mara mtu alipofariki, wajane walipita kazini na makanisani wakichangisha fedha za maziko. Watu hawa maskini, waliokosa karibu kila kitu, walikuwa tayari kutoa senti zao za mwisho ili marehemu azikwe kwa heshima. Mwaka 1923 Gaston alianzisha chama cha maziko, akakipa jina la Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri aliyewahimiza Weusi wajijenge kwanza kiuchumi. Wanachama walitoa ada ndogo kila wiki. Mmoja wao alifariki mapema, kabla mfuko haujatosha, na chama kilinusurika kwa hisani ya waliokubali kumwamini mwanzilishi wake. Baadaye, akishirikiana na baba mkwe wake, aliingia kikamilifu katika kazi ya mazishi kwa jina la Smith na Gaston. Mwaka 1932 chama kikawa kampuni ya bima. Mwaka 1938 alinunua jengo Birmingham, pembeni mwa bustani ambayo leo inajulikana kama Kelly Ingram, akahamishia huko shughuli zake.

Kwa nini mzishi?

Ili kuelewa yaliyofuata, ni lazima tujiulize mzishi Mweusi alikuwa nani katika jamii ya ubaguzi. Mwalimu Mweusi aliyejiandikisha kupiga kura aliweza kufukuzwa na bodi ya shule. Mkulima aliyelima shamba la mzungu aliweza kufurushwa usiku mmoja. Mzishi hakuwa na bwana wa namna hiyo, kwa kuwa mkate wake ulitoka mikononi mwa watu wake mwenyewe. Wazungu hawakutaka kuwazika Weusi, na kwa dharau hiyo wakamwachia mzishi eneo dogo la uhuru. Tunasema kufa kufaana. Katika Kusini ya ubaguzi, kifo kiliwafaa walio hai kwa namna ambayo wabaguzi hawakuikusudia.

Mwaka 1955, kijana Emmett Till mwenye umri wa miaka 14 alipouawa Mississippi, ni mzishi Mweusi wa Chicago, A. A. Rayner, aliyemwezesha mama wa mtoto huyo kuliacha jeneza wazi ili ulimwengu uone kilichotendwa.

Gaston alikuwa na njia zake za kimyakimya. Wakati mmoja aliiambia benki kubwa ya wazungu aliyoweka fedha zake kwamba angeziondoa zote iwapo bomba la maji ya kunywa lingeendelea kuwa na kibao cha kuwatenga Weusi. Kibao kiliondolewa. Mwaka 1954 alifungua moteli, wakati ambapo msafiri Mweusi hakupokewa katika hoteli za wazungu mjini humo. Mwaka 1957 akaanzisha taasisi ya akiba na mikopo, ili Weusi wapate fedha za kujenga nyumba.

Mwaka 1963

Majira ya machipuko ya mwaka 1963, Martin Luther King na wenzake walifika Birmingham kuongoza maandamano dhidi ya ubaguzi. Makao yao yalikuwa chumba namba 30 katika moteli ya Gaston. Hata hivyo, mwenye moteli hakukubaliana nao kwa kila jambo. Aliamini katika mazungumzo, alihofia vurugu, na alipinga vikali watoto wa shule kuingizwa katika maandamano. Baadhi ya wanaharakati walimwona kibaraka wa wazungu.

Mwanzoni mwa Mei, watoto kwa mamia walitoka kanisani wakaelekea mjini. Gaston alikuwa akizungumza kwa simu na David Vann, wakili wa kizungu aliyetafuta suluhu, huku naye akilalamikia mwenendo wa maandamano. Ghafla, kupitia dirishani, akaona maji ya zimamoto yakimwangusha msichana Mweusi na kumbiringisha barabarani. Akamwambia Vann anachokiona, akakata simu. Vann aliamini baadaye kwamba katika dakika hiyo Weusi wa Birmingham, waliokuwa wamegawanyika, walikuwa wamoja.

Tarehe 8 Mei, mazungumzo yakiendelea, King na Ralph Abernathy walitiwa tena kizuizini. Gaston alilipa dhamana ya dola 5,000, nao wakatoka. Siku mbili baadaye makubaliano yakatangazwa. Usiku wa tarehe 11 Mei, bomu lililipuka chini ya chumba namba 30, ambacho King alikuwa ameshaondoka. Mwaka huohuo nyumba ya Gaston nayo ikashambuliwa kwa moto. Wabaguzi hawakujali kwamba huyu alikuwa mtu wa wastani.

Tumpime vipi?

Ni rahisi kumsifu Gaston, na ni rahisi pia kumlaumu. Alitajirika kutokana na soko ambalo ubaguzi wenyewe ulimwekea uzio, na tahadhari yake huenda ilitokana kwa sehemu na hofu ya kupoteza alichojenga. Kwa upande mwingine, bila chumba chake viongozi wangelala wapi? Mapambano ya raia humhitaji anayeandamana, na humhitaji pia mwenye paa, simu na fedha za dhamana. Gaston hakuwa wa kwanza kuingia barabarani. Lakini alipohitajika, alikuwa na kitu cha kutoa, nacho kilitokana na senti za vibarua waliotaka kuzikwa kwa heshima.

Mwaka 1987 aliiuza kampuni yake ya bima kwa wafanyakazi wake kwa dola milioni 3.5, bei iliyokuwa chini mno ya thamani yake. Alifariki tarehe 19 Januari 1996, akiwa na umri wa miaka 103. Mwaka 2017 moteli yake ilijumuishwa katika eneo la kumbukumbu ya taifa la haki za raia mjini Birmingham.

Maswali ya mjadala

1. Je, raia anayepinga mbinu za wenzake lakini akalipa gharama zao ni mwoga, au ni mshirika? Tetea jibu lako.
2. Chunguza chama cha kufa na kuzikana katika mtaa au kijiji chako. Mbali na mazishi, kimewahi kuwafaa wanachama wake katika jambo gani la kiraia?