Reli, Mkonge na Miji ya Kilosa

Kabla ya reli, Kilosa ilikuwa kituo cha misafara ya bonde la Mkondoa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipofika, mashamba ya mkonge yalitanda hadi Kimamba na kuvuta manamba, yaani vibarua wa mashambani, kutoka mbali. Hawa waliishi kambini jirani na Wasagara, wenyeji wa eneo hilo, wakilipwa baada ya kujaza kipande (kadi ya kazi) cha siku 30 za kazi: utaratibu mgumu, uliowanyima wengi akiba. Bei ya mkonge ilipoporomoka miaka ya 1960, ajira zilipungua. Tofauti na Kimamba, mji wa Mikumi, pia wilayani Kilosa, ulikuzwa na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 na barabara kuu ya kwenda Zambia. Kilangali, nayo wilayani humo, ilibaki ya wakulima, na mpunga wake hutegemea walaji wa mijini.